Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Usanifu Mtambuka wa Majaribio ya Saikolojia na Suala la Lugha Darasani



Mwezi Februari 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala fupi ya wanasaikolojia wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, kuhusu namna kumbukumbu inavyojengeka. Wengi wanaikumbuka makala hiyo kwa matokeo yake. Sisi wa taaluma za Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuikumbuka, kwani vifaa vya jaribio lile vilikuwa maneno yetu. Wanafunzi wa chuo walipewa jozi 40 za maneno, upande mmoja neno la Kiswahili kama vile mashua, upande wa pili tafsiri yake ya Kiingereza, wakatakiwa kuzijifunza.

Kiswahili hakikuchaguliwa kwa mapenzi. Kilichaguliwa kwa kuwa mwanafunzi wa Kimarekani hakijui, lakini anaweza kukisoma kwa sababu kinaandikwa kwa herufi anazozifahamu. Tangu mwaka 1994, Thomas Nelson na John Dunlosky walipochapisha orodha ya jozi 100 za Kiswahili na Kiingereza pamoja na vipimo vya ugumu wa kila jozi, lugha yetu imekuwa kifaa cha kawaida katika maabara za kumbukumbu, kama mizani ilivyo kifaa cha kawaida katika duka la nafaka. Kwa mtafiti wa maabara hizo, Kiswahili ni lugha isiyo na mtu: ni sauti tupu zinazosubiri kupewa maana. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina uzito wake. Kwanza nataka tuutazame ufundi wa jaribio lenyewe, kwa kuwa ndani yake mna aina ya usanifu ambayo wanafunzi wetu wa isimu na elimu huikuta katika vitabu vya Kiingereza, hukariri jina lake, kisha huiacha wanapoandika tasnifu zao.

1.0 Maswali mawili katika jaribio moja

Karpicke na Roediger walikuwa na maswali mawili. La kwanza: mwanafunzi akishalikumbuka neno mara moja kwa usahihi, je, inamfaa kuendelea kulisoma? La pili: je, inamfaa kuendelea kuulizwa neno hilo? Kila swali lina majibu mawili, ndiyo au siyo. Ukiyakutanisha maswali hayo unapata hali nne. Kundi la kwanza liliendelea kuyasoma na kuulizwa maneno yote. Kundi la pili liliacha kuyasoma yale yaliyokwisha kukumbukwa, lakini likaendelea kuulizwa. Kundi la tatu liliendelea kuyasoma bila kuulizwa tena. Kundi la nne liliacha vyote viwili. Baada ya wiki moja wakajaribiwa wote. Makundi mawili ya kwanza yalikumbuka takribani asilimia 80 ya maneno. Kundi la tatu lilikumbuka kama asilimia 36, na la nne kama asilimia 33.

Tufanye hesabu kwa mkono, maana hesabu yenyewe ndiyo maana. Walioendelea kuulizwa wana wastani wa 80; walioacha kuulizwa wana wastani wa 34.5. Tofauti ni 45.5. Walioendelea kusoma wana wastani wa 58, yaani 80 na 36 zikigawanywa kwa mbili. Walioacha kusoma wana 56.5. Tofauti ni 1.5 tu. Kuulizwa kumefanya kazi kubwa. Kusoma tena na tena hakukuongeza kitu cha maana. La kushangaza ni kwamba wanafunzi wenyewe walipotakiwa kubashiri wangekumbuka kiasi gani, makundi yote yalibashiri karibu nusu. Hawakujua kilichowasaidia.

Sasa tujiulize: ingekuwaje kama watafiti hao wangelinganisha kundi la kwanza na la nne peke yake? Wangepata 80 dhidi ya 33, wakatangaza kuwa mazoezi mengi yanafaa kuliko mazoezi machache. Tangazo hilo lingekuwa kweli, na lisingekuwa na faida. Mwalimu angerudi darasani akawaambia wanafunzi wake wasome tena, na tena, na tena, yaani angewapa ile sehemu ya zoezi isiyo na nguvu. Makundi mawili ya katikati, ambayo mtu mwenye haraka angeyaona ni ziada, ndiyo yaliyobeba jibu.

2.0 Istilahi

Usanifu wa namna hii huitwa kwa lugha za Ulaya kwa jina linalotokana na neno lenye maana ya kizidishi. Baadhi ya waandishi wetu hulitohoa na kusema usanifu wa kifaktoria. Sina ugomvi na utohozi, lakini katika hisabati ya shule zetu faktoria tayari ni jambo jingine: faktoria ya 3 ni 3 mara 2 mara 1. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita akisikia usanifu wa kifaktoria ataanza kutafuta alama ya mshangao. Kwa hiyo leo nitatumia usanifu mtambuka, kwa kuwa kitenzi tambuka kina maana ya kuvuka juu ya kitu, na hapa kila hali ya kigeu kimoja huvukana na kila hali ya kigeu kingine.

Kigeu ni kitu kinachoweza kubadilika. Kile ambacho mtafiti anakibadilisha kwa makusudi ni kigeu huru, na kile anachokipima mwishoni ni kigeu tegemezi. Hali za kigeu huru nitaziita viwango. Karpicke na Roediger walikuwa na vigeu huru viwili, kila kimoja na viwango viwili, kwa hiyo huandikwa 2×2, na zao lake ni seli nne. Kama kigeu kimoja kingekuwa na viwango vitatu, tungeandika 2×3 na kuwa na seli sita. Mwandiko huu una faida ya kusema mambo matatu kwa mara moja: idadi ya tarakimu ni idadi ya vigeu, kila tarakimu ni idadi ya viwango, na zao ni idadi ya seli ambazo mtafiti atalazimika kuzijaza watu.

Tofauti ya wastani inayoletwa na kigeu kimoja, tukiwa tumevisawazisha viwango vya kile cha pili, ndiyo athari kuu. Katika jaribio tulilolitazama kulikuwa na athari kuu moja kubwa, na nyingine ndogo kiasi cha kupuuzwa.

Limebaki neno moja, nalo ndilo kiini cha mhadhara huu: mwingiliano. Waone namna lugha ilivyolitengeneza. Ingia ni tendo la mmoja. Ingilia, katika kauli ya kutendea, ni kuingia katika jambo la mwingine. Ingiliana, katika kauli ya kutendeana, ni kila mmoja kuingia katika jambo la mwenzake. (Najua neno hili lina matumizi mengine ambayo huwafanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wacheke, wacheke, watalikumbuka.) Vigeu viwili vinaingiliana pale ambapo athari ya kimoja inategemea kiwango cha kingine. Si kwamba vyote viwili vina athari, wala si kwamba athari zao zinajumlishwa. Ni kwamba huwezi kuitaja athari ya kimoja mpaka kwanza uulize cha pili kiko katika hali gani.

Wahenga walizitofautisha hali hizi kabla ya wanatakwimu. Wanaposema haba na haba hujaza kibaba, wanazungumzia kujumlisha: kila haba huongeza kiasi kile kile, iwe imetangulia au imefuata. Wanaposema kidole kimoja hakivunji chawa, wanazungumzia mwingiliano: kidole cha kwanza peke yake ni sifuri, cha pili peke yake ni sifuri, na viwili pamoja si sifuri. Na wanaposema manahodha wengi chombo huenda mrama, wanazungumzia mwingiliano wa upande wa hasara: nahodha huyu ni mwema, yule ni mwema, na kuwaweka pamoja ni balaa. Mtafiti anayechunguza kigeu kimoja kimoja anaamini, pengine bila kujua, kwamba dunia yote ni kibaba.

3.0 Asili yake ni shambani

Usanifu huu haukuzaliwa katika saikolojia. Ulizaliwa katika kilimo, kwenye kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, ambako R. A. Fisher alianza kazi mwaka 1919. Desturi ya wakati ule ilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu na kuvishikilia vingine vyote. Katika makala yake ya 1926, kisha katika kitabu chake cha 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, Fisher alidai kinyume: ukitaka asili ikujibu vizuri, iulize maswali kadhaa kwa pamoja. Mwenzake Frank Yates aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1937.

Mkulima wa Kintinku hahitaji kuaminishwa hoja ya Fisher. Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, wenye stesheni ya Reli ya Kati kati ya Dodoma na Manyoni, katika nchi ya Wagogo ambayo mvua yake ni chache na haina ahadi. Mkulima wa huko ukimuuliza kama samadi inafaa, atakuuliza mwaka gani. Mwaka wa mvua, samadi huneemesha mtama. Mwaka wa ukame, samadi nyingi huchoma mimea. Athari ya samadi haipo peke yake. Ipo ndani ya mvua. Mashariki ya hapo, katika Ugogo huo huo, Waingereza walianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa bila majaribio ya kutosha ya udongo pamoja na mvua ya mahali hapo. Udongo ulipokauka baada ya mvua uligeuka mgumu kama sakafu, na mwaka 1951 mradi ulivunjwa. Si haki kusema kwamba usanifu mtambuka ungeokoa kila kitu. Lakini mashine, mbegu, udongo na mvua vilikuwa vinaingiliana, na hakuna aliyekuwa ameviuliza kwa pamoja.

Hoja ya pili ya Fisher ni ya uchumi. Tuseme tuna washiriki 80 na maswali mawili. Kwa njia ya zamani tungefanya majaribio mawili ya watu 40, na katika kila moja tungelinganisha watu 20 na 20. Kwa usanifu mtambuka tunaweka watu 20 katika kila seli, na kila athari kuu inalinganisha watu 40 na 40, kwa sababu kila mshiriki anahesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila swali. Watu ni wale wale, ushahidi umeongezeka, na mwingiliano umepatikana bila gharama ya ziada.

4.0 Lugha ya somo na lugha ya mtihani

Nibaki Kintinku, kwa sababu hali ya lugha ya mtoto wa huko inafaa kufikiriwa. Watoto wengi husikia Kigogo nyumbani. Kiswahili wanakikuta shuleni, sokoni na stesheni. Kiingereza wanakisoma kama somo katika shule ya msingi, kisha wakiingia kidato cha kwanza ghafla kinakuwa lugha ya kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mjadala kuhusu hatua hiyo ni wa miaka mingi. Penina Mlama na May Matteru waliandika ripoti iliyochapishwa na BAKITA mwaka 1978 kuhusu haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, wakiwemo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulikwenda madarasani kulinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Ushahidi uliopatikana kuhusu ushiriki na uelewa wa wanafunzi unajulikana kwenu. Hata hivyo, wapinzani wa Kiswahili wana jibu ambalo halijawahi kuchakaa: mtihani wa taifa ni wa Kiingereza, na aliyefundishwa kwa Kiswahili atashindwa mtihani.

Jibu hilo ni hoja ya mwingiliano, ingawa wanaolitoa hawaliiti hivyo. Wanadai kwamba athari ya lugha ya kufundishia inategemea lugha ya mtihani. Dai la mwingiliano halipimwi kwa kubadilisha lugha ya kufundishia peke yake. Linapimwa kwa kuzitambukisha lugha hizo mbili.

Tubuni basi jaribio. Wanafunzi 80 wa kidato cha kwanza wanafundishwa mada moja ya jiografia, mathalani mmomonyoko wa udongo, ambao mtoto wa Kintinku ameuona kwa macho. Nusu wanafundishwa kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza. Kisha katika kila nusu, nusu yao wanajibu mtihani wa Kiswahili na nusu yao mtihani ule ule kwa Kiingereza. Nasisitiza kwamba alama zifuatazo ni za kubuni, kwa ajili ya kufundishia tu:

Wamefundishwa kwa Kiswahili, mtihani wa Kiswahili: 70
Wamefundishwa kwa Kiswahili, mtihani wa Kiingereza: 40
Wamefundishwa kwa Kiingereza, mtihani wa Kiswahili: 50
Wamefundishwa kwa Kiingereza, mtihani wa Kiingereza: 44

Mtu aliyetumia mtihani wa Kiingereza peke yake ataona 40 dhidi ya 44, na ataandika kwamba Kiingereza ni bora kwa kufundishia. Aliyetumia mtihani wa Kiswahili peke yake ataona 70 dhidi ya 50, na ataandika kinyume. Wote wawili ni waaminifu. Wanaweza kubishana katika makongamano kwa miaka thelathini, kila mmoja akiwa na jedwali lake mkononi, na lisitoke jibu, kwa sababu kila mmoja ameshika nusu ya jedwali.

Anayeliona jedwali zima anafanya hesabu nyingine. Kwa waliofundishwa kwa Kiswahili, tofauti ya mitihani miwili ni 30. Kwa waliofundishwa kwa Kiingereza, tofauti hiyo ni 6. Tofauti ya tofauti hizo ni 24, na hiyo ndiyo ukubwa wa mwingiliano. Tungepata sifuri kama mtihani wa Kiingereza ungewapunguzia makundi yote mawili alama sawa. Ukichora alama hizi kwenye grafu, mistari miwili inakatana. Mwingiliano wa mistari inayokatana hauruhusu mtu kutaja athari kuu peke yake. Wastani wa kufundishwa kwa Kiswahili ni 55 na kwa Kiingereza ni 47, lakini hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeishi ndani ya wastani huo; kila mmoja anaishi katika seli.

Tena, jedwali linasema jambo ambalo pande zote mbili za mjadala hazikulitafuta. Seli ya pili inaonesha kwamba kuna wanafunzi walioielewa mada kwa kiwango cha 70 ambao mtihani umewaandikia 40. Alama 30 zilizopotea si za ujinga wa jiografia. Na seli ya tatu inaonesha wanafunzi waliofundishwa kwa Kiingereza ambao hata walipoulizwa kwa lugha wanayoimudu hawakufika mbali, maana walichokipokea darasani kilikuwa kidogo. Hasara ya kwanza ni ya upimaji, hasara ya pili ni ya ufundishaji. Dawa zake si moja. Usanifu wenye kigeu kimoja huzichanganya hasara hizi mbili na kuziita kufeli.

5.0 Mwingiliano uliopimwa nchini

Mtu anaweza kusema kuwa haya ni mahesabu ya mezani. Basi tuchukue jaribio lililofanyika hapa nchini, kubwa kuliko mengi yanayotajwa katika vitabu vya saikolojia ya elimu. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya Twaweza iliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi za umma 350, katika wilaya 10 za Tanzania bara. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bahashishi ya shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Shule 70 zilipewa vyote viwili. Shule 140 zilizobaki hazikupewa chochote, zikawa kipimo cha kulinganishia. Mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu.

Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za wanafunzi. Bahashishi peke yake ilionesha dalili ndogo zisizo thabiti. Zilipowekwa pamoja, alama zilipanda kwa kiasi cha wazi, na ongezeko hilo lilizidi jumla ya athari za kila kimoja. Hapo pana kidole na kidole, na chawa amevunjika. Kwa miaka mingi mjadala wa elimu katika nchi zetu umekuwa kati ya wanaosema fedha haifiki na wanaosema mwalimu hana ari, kila upande ukiwa na utafiti unaoonesha kuwa dawa ya upande wa pili haiponyi. Utafiti wa kila upande unaweza kuwa sahihi.

6.0 Vigeu visivyogawika kwa kura

Turudi darasani Kintinku na tuongeze kigeu cha tatu: lugha ya nyumbani. Mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia kutoka Tabora huenda anaota ndoto kwa Kiswahili. Jirani yake anaota kwa Kigogo. Sasa tuna 2×2×2, seli nane, na wale wanafunzi 80 wamekuwa kumi kumi, kama bahati itawasawazisha, na haitawasawazisha. Mwingiliano wa vigeu vitatu una maana ya kuvutia: pengine tofauti ya zile alama 24 ipo kwa watoto wa Kiswahili cha nyumbani, na inapungua au kuongezeka kwa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Ni swali ambalo sisi wana-Kiswahili tumelikwepa mno, kwa kuwa tumezoea kukihesabu Kiswahili kuwa lugha mama ya kila Mtanzania pale tunapokilinganisha na Kiingereza.

Lakini kigeu hiki si wa jamii moja na vile viwili vya kwanza. Lugha ya mtihani tunaweza kuigawa kwa kura; lugha ya nyumbani mtoto amekuja nayo. Imeambatana na kazi ya wazazi, umbali wa kutoka shule, idadi ya vitabu nyumbani. Tukikuta athari yake, hatujui kama tumekuta athari ya lugha au ya vitu vilivyofuatana nayo. Kigeu cha namna hii kinaruhusiwa kuingia katika usanifu, na mara nyingi ni lazima kiingie, ila tafsiri yake iwe ya unyenyekevu zaidi. Tasnifu nyingi huandika athari ya jinsia, athari ya umri, athari ya kabila, kwa sentensi zile zile zinazotumika kwa vigeu vilivyogawanywa kwa kura. Msimamizi anapaswa kuzikata.

Hapa ndipo pa kurudi kwenye mashua. Katika maabara za Marekani, maana ya Kiswahili kuwa lugha isiyo na mtu ni kwamba kigeu cha ujuzi wa awali kimeshikiliwa katika kiwango kimoja, yaani sifuri. Huo ni uamuzi halali. Lakini hatuwezi kulichukua jibu lililopatikana katika kiwango hicho na kulihamishia kwa mtoto wa Kintinku anayejifunza maneno ya Kiingereza kupitia Kiswahili, lugha ambayo kwake haiko sifuri wala haijakamilika, na ambayo viambishi vyake vya ngeli tayari vinamwambia jambo kabla hajajua maana ya mzizi. Nadhani kuulizwa kutamfaa kuliko kusoma tena, kama kulivyowafaa Wamarekani. Lakini kudhani huko ni kudai kwamba hakuna mwingiliano kati ya mbinu na mjifunzaji, na dai hilo nalo linadai jaribio lake.

7.0 Majaluba

Nimalizie kwa jambo la utendaji ambalo huharibu kazi nyingi nzuri. Katika jaribio la Kintinku nimesema nusu ya wanafunzi wanafundishwa kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza. Kwa hakika mwalimu hafundishi nusu ya mtoto; anafundisha darasa. Kama kuna madarasa mawili tu, moja kwa kila lugha, basi lugha ya kufundishia haina washiriki 80, ina madarasa mawili, na chochote kinachoyatofautisha, mwalimu akiwa wa kwanza, kimefungwa pamoja na lugha. Mwalimu hodari akiwa upande wa Kiswahili, Kiswahili kitashinda. Akiwa upande wa pili, kitashindwa. Lugha ya mtihani haina tatizo hilo, kwa kuwa karatasi hugawiwa kwa mtu mmoja mmoja.

Wanakilimo waliliona hili mapema. Mkulima wa mpunga wa bonde la Bahi, si mbali na Kintinku, hawezi kupitisha maji katika nusu ya jaluba. Maji hujaza jaluba zima. Mbolea anaweza kuitia katika kipande hiki na kuiacha kile, ndani ya jaluba lile lile. Akitaka kujua kuhusu mbolea, ana vipande vingi. Akitaka kujua kuhusu maji, ana majaluba yake tu, hata kama ameyapima vipande mia. Darasa ni jaluba, lugha ya mwalimu ni maji, karatasi ya mtihani ni mbolea. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili mwenye shule moja na madarasa mawili anaweza kusema jambo la nguvu kuhusu lugha ya mtihani, na kwa tahadhari tu kuhusu mwingiliano wake na lugha ya kufundishia. Kuhusu lugha ya kufundishia yenyewe hana ushahidi wa kutosha, hata kama programu ya takwimu katika kompyuta yake itamchapishia nyota tatu. Ushahidi huo unahitaji madarasa mengi, katika shule nyingi, na kila mwalimu afundishe kwa lugha zote mbili, mada mbili tofauti, nusu ya walimu wakianza na Kiswahili na nusu wakianza na Kiingereza.

Na karatasi mbili za mtihani ziwe mtihani mmoja kweli. Swali la Kiingereza likitafsiriwa na mtu anayejua istilahi za jiografia za Kiswahili ambazo mwanafunzi hajawahi kuzisikia, tutakuwa tumepima kamusi. Njia ninayoipendekeza ni maswali yaandikwe upya kwa kila lugha na walimu wawili wanaofundisha kidato hicho, wayabadilishane, kila mmoja ayajibu ya mwenzake, na lolote watakalolijibu kwa namna mbili liondolewe. Ni kazi ya siku tatu au nne. Wanafunzi wa Idara ya Kiswahili waliosomea tafsiri wanaiweza kuliko wenzao wa Idara ya Saikolojia, na hadi sasa hawajaalikwa.